Kodi ya Matanga

Nchi ninayotaka kuwaeleza haiko mbali sana wala karibu sana. Ukiitafuta kwenye ramani ya darasani utaikuta pale mwalimu alipowekea kikombe cha chai, ndani ya lile duara. Mimi nimezaliwa humo duarani, nimeoa humo, nimezika humo, na kutoka sijaweza. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali mnisamehe. Wakubwa wetu wamesoma mpaka shule zikawaishia, na wanakosea kuliko mimi.

Mji wetu ulikuwa mji tu, mpaka mwaka ule Serikali ilipotuamsha asubuhi na kututangazia kwamba sasa sisi ni Jiji la Kanda. Barabara zilikuwa zile zile na mashimo yale yale, ila kuanzia siku hiyo yaliitwa mashimo ya jiji, na ukitumbukia unakuwa umetumbukia kwa hadhi. Tukaletewa Ofisi ya Mapato ya ghorofa tatu, vioo vitupu, pamoja na kamishna wake, Mheshimiwa Pangawe, mtu mnene wa sauti nyembamba. Siku ya kwanza tu alisimama juu ya ngazi akatufahamisha kwamba katika uchumi wa kisasa hakuna watu, kuna wafanyabiashara ambao bado hawajasajiliwa. Tulipiga makofi. Makofi tunayapenda sana, maana ndicho kitu pekee ambacho bado hakijadaiwa risiti.

Basi ikaanza Operesheni Msajili Jirani Yako. Aliyekuwa na kuku watatu aliandikwa mfugaji wa kati. Bibi mmoja wa mtaa wa pili, aliyekuwa akiwasimulia wajukuu hadithi kabla ya kulala, aliingizwa sekta ya burudani. Mimi sikulalamika. Mimi Shigela ni fundi wa majiko ya mkaa: nakata bati, nakunja, nagonga, nauza. Leseni ninayo, kodi nalipa. Hesabu zote alikuwa akizishika mke wangu Nyamizi, yeye alifika darasa la saba.

Huyo Nyamizi alikufa Jumatano ya mwezi wa pili, katika hospitali ya jiji, kwenye benchi. Tumbo lilimshika alfajiri. Saa moja tulikuwa tumefika, tukapewa namba, tukaambiwa tukalipie kwanza ndipo tumwone daktari. Pesa ninayo mkononi. Karani akasema haiwezi kupokelewa kwa sababu mfumo umelala. Nikamuuliza unaamka saa ngapi, akanijibu mfumo haupangiwi. Daktari alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, tunamwona anakata kucha. Hakuwa mtu mbaya. Alituonyesha kwa mikono kwamba bila namba ya malipo kalamu yake haiandiki. Saa sita Nyamizi akaniuliza, "Baba, wameshaniita?" Nikamwambia bado, sasa hivi. Hakuuliza tena. Mfumo uliamka saa nane, mzima wa afya.

*

Kwetu msiba una taratibu zake. Mkeka unatandikwa uani, mfiwa anakaa hapo na kulala hapo, hanyoi, hagusi kazi, mpaka siku ya tatu wazee wanapoanua matanga. Siku hiyo mkeka unakung'utwa na kukunjwa, mfiwa ananyolewa, anarudi kitandani kwake na kazini kwake. Bila hivyo huzuni inamzoea mtu, inakaa kama mpangaji. Na wanaokuja kutoa pole hutoa na chochote mkononi, cha sanda na cha uji, na lazima awepo mtu wa kuandika, ili kesho likimfika mwenzako nawe ujue alikutolea nini.

Mwandishi wetu alikuwa shemeji yangu Mahela, kaka wa marehemu, karani wa chama cha ushirika wa pamba kwa miaka ishirini, mpaka viongozi walipoimaliza pamba pamoja na ushirika wenyewe. Mahela hajui kuandika ovyo. Alichora mistari kwa rula: Tarehe, Jina, Mapato, Matumizi, Salio. Kila ukurasa anaufunga kwa jumla, anapiga mistari miwili chini yake. Watu wanalia, yeye analinganisha hesabu huku machozi yanamdondokea kwenye safu ya matumizi.

Siku ya pili wakaja watani. Kazi ya mtani msibani mnaijua, ni kuwachokoza wafiwa mpaka wakumbuke kwamba wao bado wana meno. Mtani wetu mkubwa anaitwa Mbaruku. Alikuja amevaa gauni la marehemu, akamwigiza Nyamizi anavyonipekua mifukoni siku ya kuuza majiko, na anavyotikisa kichwa akikuta nimeficha. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikapaliwa. Akaona haitoshi. Akachukua kipande cha mkaa na bati langu moja, akaandika kwa herufi kubwa: DUKA LA MSIBA WA NYAMIZI, WATEJA KARIBUNI, VILIO VYA JUMLA NA REJAREJA. Akalitundika getini. Wazee wakashika mbavu.

Saa hiyo hiyo likapita gari la Operesheni. Siwezi kusema ilikuwa bahati mbaya, kwa sababu katika nchi yetu bahati mbaya ina ratiba. Wakashuka maofisa wawili wenye vizibao vinavyong'aa. Wakasoma bango. Wakahesabu watu. Wakaona turubai, wakaona pesa inatoka mkono huu inaingia mkono ule, mwisho wakalifikia daftari la Mahela. Mkubwa wao alilifungua akaliinamia kama mtu anayesali. Kisha akaniambia kwamba kwa miezi minne amekagua maduka, gereji na mabucha ya jiji zima, hajaona vitabu vilivyotunzwa namna hii.

"Mkubwa," nikamwambia, "huu ni msiba."

"Najua. Nimesoma bangoni."

Mbaruku akaruka na gauni lake kueleza kwamba bango lile ni utani. Ofisa akamuuliza yeye ni nani katika biashara hii. Akajibu, mimi ni mtani wao. Ofisa akaandika: mtani, idara ya masoko. Kabla jua halijawa kali tulikuwa tumepewa hati ya usajili yenye namba tisa, tukaagizwa tuitundike mahali ambapo mteja anayelia anaweza kuiona bila kuinama.

*

Siku ya tatu wazee wakaja na wembe na beseni la maji. Mkeka umeshashikwa ncha mbili, bado kukunjwa, gari likasimama tena. Ofisa akatusomea karatasi. Kwa mujibu wa kifungu ambacho alikitaja kwa namba na herufi mpaka tukaogopa, mkeka ule ndio eneo la biashara lililosajiliwa, na kuukunja bila kibali cha ufungaji ni kutoroka na biashara. Wazee waliuachia mkeka kama umewaunguza. Mwenye wembe akaondoka nao, hajanyoa mtu. Mimi nikaambiwa niende ofisini kuomba kufunga.

Mfiwa hatoki uani kabla ya matanga kuanuliwa. Mimi nilitoka. Nilijifunika shuka kichwani, nikapita vichochoroni kama mwizi wa kuku.

Ndani ya Ofisi ya Mapato huingii hivi hivi. Mlangoni wanakuuliza mshauri wako wa kodi ni nani, na kama huna wanakuonyesha barazani, ambako washauri wamepanga meza zao kama wauza njugu. Mimi niliangukia meza yenye kibao: Adelina na Wenzake, Huduma za Uhasibu kwa Wafanyabiashara Wadogo. Adelina alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa uzi. Wenzake walikuwa mashine ya kujumlishia, muhuri na chupa ya chai. Alinipa pole vizuri, kwa mdomo wa mtu aliyewahi kufiwa, akaniuliza namba yangu, akaingia ndani. Alikaa humo muda wa kuchemsha maharage. Alipotoka uso ulikuwa umembadilika.

"Baba, makadirio yako yametoka. Wamechukua mapato ya msiba mmoja, wakazidisha mara nne."

"Mara nne kivipi, mwanangu?"

"Mwaka una robo nne. Kila robo, msiba mmoja."

"Nilikuwa na mke mmoja."

"Hapo ndipo walipokuhurumia. Kwa wingi wa wateja wako wangeweza kukukadiria sita."

Nikamwambia sitaki sita wala nne, nataka kufunga, nikunje mkeka, ninyolewe, nirudi kwenye majiko yangu. Adelina akanifafanulia taratibu polepole, maana aliona nimeishia la nne. Ili ufunge biashara lazima uwe na hati ya kutodaiwa ya mwaka mzima. Ili upate hati ya mwaka mzima lazima umalize mwaka, na huwezi kuumaliza bila kulipia misiba minne. Njia ya pili ni kuonyesha hasara ya miaka mitatu mfululizo, lakini kwa vitabu vya shemeji yangu hasara sina, nina ziada ya shilingi kumi na nane. Nikamwambia ile ziada tulinunulia chumvi ya uji. Akaniuliza risiti ya chumvi iko wapi.

"Na nikifa mimi?"

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. "Ukifa wewe, baba, biashara itakuwa inaendelea vizuri."

*

Kwa kuwa biashara iko hai, inatakiwa ifunguliwe. Hilo sikulijua mpaka mkaguzi aliponikuta mkekani nimesinzia, akaandika: duka limefungwa saa za kazi. Faini. Tangu hapo nikawa nalia kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, na mapumziko ya uji saa saba. Jumamosi nusu siku. Mwanzoni nilikuwa nalia kweli, maana sababu ninayo. Baadaye nikajifunza kulia bila machozi, na nilipotaka kulia kwa machozi, usiku, peke yangu, nikakuta nimesahau yanatokea wapi. Mengine yote naweza kuwasamehe wakubwa. Hilo hapana.

Kazi yangu hawakuniruhusu. Siku moja nilikata bati kidogo pembeni ya mkeka, nigonge jiko moja nipate unga. Mkaguzi alisikia nyundo tokea barabarani. Akaniuliza, mfiwa anafanya kazi? Mila inasemaje? Nikakiri mila inakataza. Akasema basi ama msiba huu ni wa uongo, na hapo nimeidanganya Serikali, ama nina biashara mbili eneo moja, na hapo natakiwa kulipia mbili. Tazameni walivyo wajanja. Mila yetu hawaijui pale inapotufungua, wanaijua pale inapotufunga. Nikaweka nyundo chini. Robo ya kwanza nililipa kwa kuuza mkasi wa bati. Robo ya pili nikauza fuawe, lile chuma la kugongea bati aliloniachia baba yangu, lilibebwa na watu wawili na mkokoteni.

Majirani nao wakaanza kunikwepa. Siwalaumu. Habari zilikuwa zimezagaa kwamba natakiwa kupata misiba mingine mitatu kabla mwaka haujaisha, na kila niliyemwamkia aliona namwangalia kwa jicho la kibiashara. Nikimuuliza mtu habari za nyumbani ananijibu mbio mbio: wazima, wazima kabisa, hata kikohozi hakuna. Bi Sesilia wa nyumba ya tatu, mgonjwa wa miaka, alikuwa akisikia nimefika upande ule anatoka nje kutwanga mahindi.

Ubaya ni kwamba walianza kuogopana wao kwa wao. Mwenye bucha alipofiwa na mama yake hakutandika mkeka, hakufunga turubai, wala hapakuwa na daftari. Watu walimpa pole kwa kumminyia noti kiganjani kama wanauza bangi. Maofisa walipofika kuuliza kwa nini watu wamejaa ndani, wakaambiwa ni sherehe ya kuzaliwa, na wanaolia wanalia kwa furaha. Wakatozwa kodi ya burudani. Sasa jijini kwetu mtu anazikwa upesi, kimya kimya, na aliyekuja kumzika hajulikani, na kesho aliyekuja naye akifa hapatikani wa kumlipa wema wake. Hayo Mheshimiwa Pangawe aliyaeleza redioni kuwa ni kushuka kwa kiwango cha vifo.

*

Robo ya tatu Mheshimiwa mwenyewe alinitembelea. Ilikuwa Wiki ya Mlipakodi, na kila kanda ilitakiwa kuonyesha mfanyabiashara mdogo wa mfano. Walimwaga kokoto barabarani kutoka lami hadi kwangu, na alipoondoka walizizoa. Alikuja na wapiga picha, na mama mmoja wa kushika mwavuli, na mwingine wa kushika hotuba.

Alisema hivi: "Ndugu wananchi, wapo wapinga maendeleo wanaodai kwamba Serikali hii inawategemea walio hai tu. Leo tunawakanusha hadharani. Ndugu Shigela alianza na mtaji wa mke mmoja. Leo ana hati, ana mshauri, ana mahesabu. Swali langu kwa vijana ni hili: na nyinyi mnasubiri nini?"

Tukapiga makofi. Kisha akakalishwa mkekani kwa ajili ya picha, akatoa bahasha kubwa ya rambirambi, nje imeandikwa kiasi kwa wino mwekundu. Nilipoipokea ilikuwa nyepesi kama jani. Ndani hamna kitu. Lakini Mahela, kwa mazoea ya ushirika, alikuwa ameshaandika kiasi kile kwenye safu ya Mapato na kupiga mistari miwili, na mambo ya Mahela yakishapigwa mistari miwili hayarudi. Makadirio yangu yakapanda kwa bahasha tupu.

Hapo Mbaruku hakuvumilia. Maskini, tangu siku ya bango alikuwa amekonda. Akajipenyeza mpaka mbele ya Mheshimiwa, akapiga goti, akaeleza yote: kwamba sisi na wao ni watani tangu mababu, kwamba bango aliliandika yeye kwa mkaa, kwamba hapa hakuna duka, kuna mtu aliyefiwa na mkewe anayetaka kunyoa. Mheshimiwa alimsikiliza hadi mwisho. Akamuuliza utani huo unafanyika kwa kibali cha nani. Mbaruku akasema ni mila. Akaulizwa mila hiyo ina namba gani. Mbaruku, mtu ambaye hajawahi kukosa neno, aliyewahi kuchekesha jeneza likiwa mabegani mwa watu, alifungua mdomo na mdomo ukabaki wazi. Akaondoka na deni la kodi ya bango ya miezi saba. Tangu siku ile haonekani misibani. Wanasema akisikia mtu anacheka anageuza njia.

*

Mwezi wa kumi na moja Adelina alinifuata nyumbani yeye mwenyewe. Hakuwa na kawaida ya kufuata wateja. Alikaa ukingoni mwa mkeka, akakataa uji, akatoa fomu moja ya rangi ya waridi.

Alisema ametafuta tangu mwezi wa pili, na hatimaye amepata mlango. Kuna kitu kinaitwa marekebisho ya ritani, yaani ya zile hesabu ninazowasilisha kila robo. Mtu akithibitisha kwamba biashara aliyosajiliwa haikuwahi kuwepo, usajili unafutwa tangu siku ya kwanza. Kodi zinafutwa. Faini zinafutwa. Zile nilizolipa ninarudishiwa, na mabwana wa juu wameahidi kwa midomo yao kwamba nitarudishiwa kabla ya sikukuu. Mkeka ningeukunja jioni ile ile.

Nilimshika mikono yote miwili. Nikamuuliza nifanye nini.

"Utie saini tu hapa. Inasema haukuwepo msiba."

"Haukuwepo vipi?"

Akanieleza. Ofisi ya Mapato ilipeleka jina la Nyamizi hospitali ili kuhakiki, na hospitali ikajibu kwamba kwa mujibu wa mfumo, Jumatano ile hapakupokelewa mgonjwa wa jina hilo, na hakufa mtu. Mfumo ulikuwa umelala, na kisichoingia kwenye mfumo hakikutokea. Ndiyo maana hata cheti cha kifo walikuwa wananizungusha mwaka mzima, leo njoo kesho, kesho njoo Ijumaa. Tena jiji letu lilikuwa limebakiza hatua moja kupewa kombe la taifa kwa kutokuwa na mgonjwa hata mmoja aliyefia kwenye foleni. Mtu mmoja tu jijini ndiye aliyekuwa na kumbukumbu tofauti. Huyo mtu alikuwa anaziwasilisha kila robo mwaka, na zilikuwa zimefungwa kwa jumla.

"Kwa hiyo nikitia saini, Nyamizi hakufa."

"Kwenye karatasi, baba. Kwenye karatasi tu."

Mahela alikuwa amesimama nyuma yangu. Huyu ni ndugu wa Nyamizi wa tumbo moja, na mtu asidhani kwamba hakumlilia. Lakini alikuwa amechoka kuniona na ndevu za Nabii Ayubu, na robo iliyokuwa inakuja tulikuwa tumebakiza nyundo tu ya kuuza. Akainama sikioni kwangu.

"Saini, shemeji," akasema. "Marehemu mwenyewe anajua kwamba amekufa."

Nikaishika kalamu. Sitaki kujifanya shujaa, niliishika kwa nguvu kuliko nyundo. Niliwaza kitanda changu. Niliwaza kidevu kilichonyolewa, upepo ukipita. Niliwaza mlio wa bati asubuhi. Niliweka ncha ya kalamu kwenye mstari, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu, na pale nikamkumbuka daktari yule na kucha zake. Nikafikiri: Bwana yule leo akiulizwa atasema kweli tupu kwamba hajapata kumwona Nyamizi. Karani atasema kweli. Mfumo utasema kweli. Mheshimiwa atapokea kombe kwa ukweli mtupu, na katika nchi nzima ya wasema kweli nitakuwa nimebaki mimi peke yangu wa kusema kwamba mwanamke yule alikaa kwenye benchi tangu saa moja mpaka saa sita. Sasa nami nikiandika hapana, atakuwa amekaa wapi?

Nikamrudishia Adelina kalamu yake.

"Baba, hutapata njia nyingine," akasema. "Nakuambia kama mwanao. Utakaa kwenye mkeka huu mpaka mwisho."

Nikamwambia nimeelewa. Akaikunja fomu na ile herufi yangu moja ndani yake. Kisha akamwomba Mahela bakuli la uji ambao mwanzo aliukataa, akanywa taratibu mpaka mwisho, kama anavyokunywa mtu aliyekuja msibani.

*

Nyundo nimeiuza juzi. Jana nimekwenda kulipa robo ya nne.

Dirisha la malipo lina karani mpya, kijana mpole. Foleni ilikuwa ndefu, wauza mitumba, mama lishe, mafundi wa redio, kila mtu na karatasi zake kifuani. Mfumo ulikuwa macho, maana kwa kupokea kodi haulali. Nikasukuma pesa. Karani akaniuliza biashara gani, nikamtajia namba. Akabonyeza, mashine ikanguruma, ikatoa risiti. Nikamwambia mwanangu, macho yangu na shule yangu vyote ni vidogo, nisomee. Sheria inamtaka amsomee asiyeweza. Akasoma kwa sauti ya kazini, kila neno:

"Serikali imepokea kutoka kwa Shigela, kodi ya mapato, robo ya nne. Chanzo cha mapato: kifo cha Nyamizi binti Luhende, aliyefariki Jumatano mwezi wa pili, hospitali ya jiji. Imethibitishwa."

Akaipiga muhuri wenye ngao ya taifa.

"Nisomee tena," nikamwambia.

Akanitazama, akaisoma tena. Safari hii polepole, na sauti haikuwa ya kazini. Niligeuka nikaona wanaume wamevua kofia. Nikawaambia wasijali, nimefiwa na mke, ni muda sasa, na Serikali nayo sasa hivi imesema hivyo hivyo.

Mama mmoja wa samaki akatoka kwenye nafasi yake, akaja na noti imekunjwa kiganjani, akataka kunishika mkono. Nikaurudisha nyuma mkono wangu, maana dirisha lilikuwa linatuona.

"Nipe pole ya mdomo tu, mama," nikamwambia. "Ya mdomo bado hawajaichapia fomu."

Akanipa. Na aliyemfuata akanipa, na aliyemfuata huyo. Foleni nzima.